Kabla ya Kupaka Fanicha ya Mbao Itakayokaa Nje

Hakikisha kwanza kwamba mbao zimekauka, kwa sababu ukipaka mbao mbichi unayafungia maji ndani, nayo yatatoka kwa kubandua ulichopaka. Piga msasa wa namba 80 ikiwa uso una makwaruzo, kisha malizia na 120 au 150. Futa vumbi lote. Kama fanicha yako ni ya msaji, mti wenye mafuta yake wenyewe, ipanguse kwa kitambaa chenye tina, yaani kiyeyusho cha rangi, muda mfupi kabla ya kupaka.

Hayo fundi yeyote atakuambia. Swali ambalo sikuwahi kuliuliza dukani, na ambalo lilinigharimu, ni hili: ulichopaka kikichakaa, utakirekebisha vipi? Nilikuwa na meza na benchi la nje, nikachagua vanishi ngumu, isiyo na rangi, iliyotengenezwa kwa ajili ya sakafu za ndani, kwa hoja kwamba kama inastahimili viatu basi itastahimili mvua. Nilipaka mikono minne, yaani tabaka nne moja juu ya nyingine, na meza ikang'aa hata nikaona fahari kuwakaribisha wageni. Mwaka haujaisha, nyufa nyembamba kama unywele zikatokea kwenye maungio, maji yakapenya chini ya vanishi yasipate pa kutokea, na madoa meupe yakageuka meusi. Nami badala ya kuikwangua yote nikapaka mkono mwingine juu yake. Huo nao ulibanduka, tena pamoja na ile ya chini, kwa vipande vikubwa kama maganda. Niliikwangua meza nzima kwa mkono, hadi kwenye pembe za miguu ambako msasa haufiki, na mwishowe doa jeusi lilikuwa limezama kiasi kwamba halikutoka.

Kosa halikuwa la vanishi, kwani iliuzwa kwa kazi nyingine. Mbao hutanuka zikinyonya unyevu na kusinyaa zikikauka, na vanishi ngumu haiwezi kufuata mwendo huo. Zaidi ya hayo, miale ya urujuanimno ya jua hupita kwenye vanishi isiyo na rangi na kuvunja lignini, yaani ile gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mbao, kwa hiyo vanishi inaweza kuwa nzima huku uso ulioishikilia ukiwa umekwisha kuoza kwa jua.

Ukitaka kitu cha kudumu kuliko vyote, basi, paka praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, kisha rangi isiyopitisha mwanga, na ukubali kwamba nyuzi za mbao hutaziona tena. Ukitaka kuziona, chagua mafuta ya nje yaliyotiwa rangi kidogo: hayadumu sana, lakini yakififia unasafisha, unapiga msasa mwepesi na kupaka tena, bila kukwangua chochote. Ukishikilia kung'aa, tafuta vanishi inayotengenezwa kwa ajili ya boti, ambayo hunyumbuka na kuwa na kinga ya jua, na uipake mkono mpya mara tu inapoanza kufifia, usisubiri ipasuke. Mafuta ya kitani matupu siyapendekezi kwa nje, maana hukauka polepole na huvutia ukungu.

Chochote utakachochagua, paka pande zote, hata chini ya meza asikotazama mtu, na uzidishe kwenye ncha za miguu, kwa kuwa mbao hunyonya maji kwa kasi zaidi pale zilipokatwa kuliko ubavuni. Usipake juani, kwani uso utakauka kabla ya ndani na kufanya malengelenge. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivirundike: mafuta hayo hutoa joto yanapokauka, na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke kabisa. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, soma maelezo ya kopo kuhusu muda wa kusubiri kati ya mkono mmoja na mwingine, usichanganye aina mbili kwa sababu tu zimebaki stoo, usifunike fanicha kwa turubai lisilopitisha hewa, na yeyote atakayekuahidi kwamba hutapaka tena maisha yako yote, mwombe akuonyeshe meza yake mwenyewe iliyokaa nje.