Kabla ya kupanda Kilimanjaro na jino lililozibwa kwa muda

Dawa ya kuziba jino kwa muda imetengenezwa ili itolewe baadaye. Hapo ndipo shida inapoanzia kwa mgumu, yaani mpagazi wa mlimani, anayezibwa gego Moshi mjini leo, na kesho kutwa yuko geti la Machame na mzigo kichwani. Ukishajua tarehe ya safari, muone daktari wa meno wiki 3 kabla, na umtajie tarehe hiyo kabla hajafungua jino. Kazi inayoweza kumalizika imalizwe. Ya kuogopwa zaidi ni tiba ya mzizi iliyoachwa nusu: kiini kilichooza, yaani nyama laini ya ndani ya jino, hutoa gesi, na pale Uhuru, mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa pwani. Gesi iliyofungiwa ndani hutanuka, na jino lililotulia mjini linaanza kupwita ukiwa kambi ya Barafu.

Isipowezekana kumaliza, uliza umezibwa na nini, maana dawa hizi hazilingani. Ile laini inayotoka kwenye kopo ikiwa tayari imeshachanganywa huganda kwa kunywa mate, na ikinywa hutanuka kidogo na kuziba kingo vizuri. Lakini inataka kina cha milimita 3.5 hivi, ikipakwa nyembamba, mate hupenya na bakteria hufuata. Tena huganda kuanzia juu kwenda ndani, kwa hiyo usitafunie upande huo siku hiyo yote. Kwa shimo kubwa la gego, dawa hii peke yake haifai safari ya siku 7.

Mchanganyiko wa unga wa oksidi ya zinki na yujenoli, yaani mafuta ya karafuu, hutuliza kiini kinachouma, na ndio unaopendelewa kwa jino linaloshtuka kwa baridi. Ubora wake uko kwenye uchanganyaji: unga uongezwe hadi donge liviringike bila kunata vidoleni. Likiwa na majimaji mengi, linabaki laini na kumomonyoka mapema. Mwenye shimo pana aombe aina iliyoimarishwa kwa resini (aina ya plastiki), au glasi ayonoma, ambayo hushikana na jino lenyewe na kudumu miezi. Glasi ayonoma haipendi kukauka saa za mwanzo. Ikiachwa bila kupakwa vanishi au Vaseline, huota nyufa. Dawa yoyote utakayowekewa, ipe angalau siku 3 kabla ya kuondoka. Kama meno yamegongana kwa sababu dawa imezidi kimo, utaijua ndani ya siku hizo, ukiwa bado karibu na wa kuisugua.

Kofia ya muda, ile inayofunika jino hadi ya kudumu iwe tayari, ina tabia yake. Hubandikwa kwa saruji dhaifu makusudi, kwa hiyo inaweza kubanduka kwa tofi au kwa uzi wa meno uliovutwa kwenda juu. Uchomoe uzi kwa pembeni. Ikitoka, usikae nayo mfukoni hadi ushuke: meno jirani husogea, na kofia ya kudumu inaweza kukataa kuingia. Isafishe, paka Vaseline kidogo ndani, irudishe, kisha itoe unapolala usije ukaimeza. Supagluu isiguse kinywa kabisa.

Kambini, kinachovunja maziba ni bisi za chai ya jioni. Punje moja isiyopasuka, ikikutana na gego lililozibwa juzi, inatosha kuling'oa ziba lote. Ziache.

Kwenye begi weka kopo dogo la dawa ya kuziba, kijiti safi, pamba, Vaseline na dawa ya maumivu. Aspirini imezwe, isibandikwe kwenye fizi, inaunguza. Ukinywa dawa ya maumivu kwa ajili ya jino, mwambie mwongozaji mkuu siku hiyo hiyo, kwa sababu inaficha pia kichwa kinachouma kwa urefu wa mlima.

Taya likivimba, homa ikipanda au mdomo ukishindwa kufunguka, usipande. Nenda hospitali ya KCMC, Moshi, au ya Mount Meru, Arusha. Na ukishuka salama, mwambie daktari kama ulizibwa kwa yujenoli, kwa sababu mabaki yake huzuia resini ya ziba jeupe isigande sawasawa.