Kuchavusha maboga kwa mkono

Viboga vikinyauka na kudondoka vingali vidogo, mara nyingi nyuki hawakufika. Basi mimi huwafanyia kazi yao, asubuhi mapema, kwa sababu ua jike hufunguka mara moja tu na kufikia adhuhuri limeshajifunga.

Jike utalijua kwa kiboga kilicho chini ya petali. Dume lina kikonyo chembamba kitupu. Chuma dume lililofunguka leo, ling'oe petali zote, kisha paka ile chavua, yaani unga wa njano ulio katikati yake, taratibu kwenye kila pande la stigma ya jike, ile sehemu ya katikati ya ua inayopokea chavua. Hapa usiharakishe hata kidogo: chavua isipoenea, boga hukua limepinda. Napendelea madume mawili kwa jike moja. Mvua ikitishia, lifunike kwa mfuko wa karatasi.