Mche wa mkarafuu wa serikali: namna ya kuupata na kuuvusha kiangazi

Mikarafuu mingi ya Pemba imezeeka, ndiyo maana serikali inawapa wakulima miche bure. Ruzuku hiyo lakini inaishia kitaluni. Miche mingi hufa kiangazi cha kwanza, na inaniuma kila ninapokuta kijiti kikavu mahali palipopandwa mkarafuu. Nimetoka kumsaidia jirani huku Mtambwe kupanda ya kwake, basi naandika tulivyofanya.

1. Jina. Muone sheha, yaani kiongozi wa shehia yako, na bwana shamba mapema wakuandike, masika hayajaingia. Shamba likiwa la urithi, kaeni kwanza ndugu mkubaliane, maana kwetu ardhi yaweza kuwa ya huyu na mikarafuu ya yule. Mwenye eka tatu, yaani shamba lililogawiwa na serikali baada ya Mapinduzi, achukue na karatasi zake.

2. Mashimo. Futi 2 kwa 2, shimo hadi shimo futi 30. Yawe tayari kabla ya kufuata miche.

3. Kuchagua. Usikimbilie mche mrefu kuliko yote. Uliokaa sana kwenye kiriba, yaani kile kifuko cha plastiki ulimooteshwa, mzizi wake mkuu umeshajikunja chini. Chukua wa kama futi moja, shina gumu.

4. Kupanda. Subiri mvua ishike. Chana kiriba kwa wembe, usiuvute mche. Udongo usipukutike mizizini.

5. Kivuli na mchwa. Hapa ndipo penye kazi. Mkarafuu mchanga hauwezi jua la Januari na Februari. Wengi hupanda mihogo pembeni iwe kivuli. Mimi siikubali hata kidogo, kwa sababu siku ya kuchimba muhogo jembe linakata mizizi ya mkarafuu. Panda mgomba upande wa magharibi, hatua mbili tatu kutoka kwenye mche, uzuie jua la alasiri. Mgomba mchanga bado hauna kivuli, kwa hiyo mwaka wa kwanza simamisha vijiti vinne na uezeke makuti juu. Yasibane sana: ukitazama chini uone mwanga umetawanyika kwenye majani. Mche uliofungiwa gizani hurefuka ukawa laini, na makuti yakiondolewa jua linaumaliza. Uyapunguze kidogo kidogo, kuti moja moja, vuli inayofuata kiangazi hicho ikiwa imeanza. Usiyang'oe yote siku moja.

Chini tandaza makumbi kuhifadhi unyevu, ila yasiguse shina. Acha nafasi ya shubiri moja kuzunguka. Makumbi ni chakula cha mchwa, na wakishayapanda huhamia kwenye gome. Kila Ijumaa baada ya sala mimi hupita nikifunua makumbi: nikiona njia ya udongo mbichi inapanda shinani, naibomoa kwa kijiti, namwaga jivu kulizunguka shina, kesho yake narudi kutazama. Jivu likilowa mvua halina kazi, linamwagwa upya. Vijiti vya kivuli navyo viwe vya mti mgumu, kwa kuwa mchwa huanzia hapo.

Kumwagilia: ndoo moja polepole jioni, mara mbili kwa wiki, ni bora kuliko kikombe kila siku. Maji kidogo hayafiki chini, mizizi ikabaki juu juu.

6. Kujaza mapengo. Februari hesabu iliyokufa, mpelekee bwana shamba idadi mapema, uandikwe tena kwa masika yanayofuata.