Pentatoniki shingo nzima: shika njia kwanza, vyumba baadaye

Wengi wanaokuja kwangu hapa Tudor, Mombasa, kujifunza gita la solo tayari wana skeli ya pentatoniki (ngazi ya noti tano) mahali pamoja, freti (vile vyuma vinavyokata shingo) ya 5 hadi ya 8. Wanapanda, wanashuka, wanapanda tena. Ukiwaambia wahame hapo, mkono unaganda.

Nami nilikaa papo hapo miaka mitatu. Usiku mmoja, kwenye hoteli moja ya pwani ya kaskazini, mwimbaji alianza wimbo katika C. Nilijua kwamba noti za freti ya 5 zinakubali, nikazipiga. Lakini kila nikimaliza sentensi nilitua kwenye A, kwa sababu ndipo vidole vilipozoea kutua, na wimbo wa furaha ukawa unalia. Tulipopumzika, mzee aliyekuwa akipiga besi akaniuliza, "Do yako iko wapi?" Do, yaani noti ya nyumbani ya wimbo, sikuweza kumwonyesha hata moja. Mwongozo huu umejengwa juu ya swali lile. Ukiweza kubadilisha kordi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za C, F na G bila kusimama sana, uko tayari kuanza.

Kabla ya yote, nyuzi

Gita linalokaa Mombasa hupigwa na chumvi. Hewa ya bahari ikichanganyika na jasho la vidole, nyuzi za chuma hushika kutu upesi. Uzi wenye kutu unakwaruza na sauti yake inafifia. Kubwa zaidi, kidole hakitelezi juu yake, na katika somo hili utateleza sana. Kila ukimaliza kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, juu na chini yake. Gita usiliache dirishani panapoingia upepo wa bahari.

Tyuni kwa kawaida: E A D G B E, kutoka uzi mnene (wa 6) hadi mwembamba (wa 1). Programu ya simu inatosha.

Hatua ya 1: Imba

Kama uliwahi kuimba kwaya, shuleni au kanisani, unazijua: do re mi fa so la ti do. Sasa toa fa na ti. Zinabaki do re mi so la, noti tano. Hiyo ndiyo pentatoniki.

Kwa nini hizo mbili? Kila freti kwenye gita ni nusu toni. Fa iko nusu toni tu juu ya mi, na ti iko nusu toni tu chini ya do. Ukiziondoa, hakuna noti mbili zinazobanana. Ndiyo maana anayeanza anaweza kutangatanga ndani ya skeli hii na bado masikio ya watu yasiumie.

Imba kwenda na kurudi mpaka mdomo usijikwae baada ya mi. Wanafunzi huona haya kuimba na hutaka kuruka hatua hii. Usiiruke. Kidole kisichosikia noti kabla ya kuipiga kinakariri tu nambari.

Hatua ya 2: Uzi mmoja, kidole kimoja

Chukua uzi wa 2. Do yetu ni C, na hapa C iko freti ya 1. Piga kwa kidole cha shahada peke yake, huku unaimba:

do 1, re 3, mi 5, so 8, la 10, do 13

Angalia mwendo wake: ruka freti 2, ruka 2, ruka 3, ruka 2, ruka 3. Jumla 12, na umerudi kwenye do ya juu. Mahali parefu ni pawili, baada ya mi na baada ya la, yaani palepale tulipotoa fa na ti. Umbali huo ukiushika kwa macho na kwa sikio, huhitaji karatasi ya mtu. Vidoti vilivyopigwa shingoni, ambavyo kwa kawaida viko freti za 3, 5, 7, 9 na 12, vitakusaidia kuona.

Nakuomba ukae hapa juma zima, dakika kumi kwa siku. Tafuta wimbo unaoujua tangu utotoni, wa kubembeleza mtoto au wa mchezo wa uani, ujaribu kuupiga juu ya uzi huu mmoja. Baadhi zitakaa sawasawa ndani ya noti tano, nyingine zitadai fa au ti, na utasikia mwenyewe pengo lilipo.

Kisha hamia uzi wa 1 bila kuambiwa nambari. Do iko freti ya 8. Nyingine zitafute kwa kuruka freti 2, 2, 3, 2, 3, na kwa hesabu hiyohiyo ukirudi nyuma.

Hatua ya 3: Do zote

Kabla ya kuongeza noti yoyote, jua nyumbani ni wapi. C ziko hapa:

uzi wa 6, freti ya 8
uzi wa 5, freti ya 3
uzi wa 4, freti ya 10
uzi wa 3, freti ya 5
uzi wa 2, freti ya 1 na ya 13
uzi wa 1, freti ya 8

Mwombe mtu wa nyumbani akutajie nambari ya uzi ovyoovyo, nawe uipige do yake mara moja. Ukiweza bila kusita, songa mbele.

Hatua ya 4: Njia

Hapa ndipo ninapoachana na walimu wengi. Wao hukupa maumbo matano siku ya kwanza, moja baada ya jingine, na mwanafunzi anaishia na vyumba vitano visivyo na milango. Mimi natoa njia kwanza, inayokata shingo kwa mshazari kutoka chini hadi juu. Kanuni yake ni moja: do re mi juu ya uzi mmoja, so la juu ya uzi unaofuata. Kisha unaanza tena.

uzi wa 5: do 3, re 5, mi 7
uzi wa 4: so 5, la 7
uzi wa 3: do 5, re 7, mi 9
uzi wa 2: so 8, la 10
uzi wa 1: do 8, re 10, mi 12

Vidole ni viwili tu, cha shahada na cha pete. Uzi wa 5: shahada freti ya 3, pete freti ya 5, kisha pete iteleze hadi 7 bila kuinuka. Mkono wote umesogea nayo, na shahada imejikuta juu ya freti ya 5, tayari kwa so ya uzi wa 4. Kuteleza huko ndiko kunakokuhamisha. Hufikirii kuhama, mi inakupeleka.

Uzi wa 3 ni vilevile: shahada 5, pete 7, pete inateleza hadi 9. Lakini ukiingia uzi wa 2 utaona kitu. Ulipotoka mi ya uzi wa 5 (freti ya 7), so ilikuwa freti mbili nyuma yake, kwenye ya 5. Sasa mi iko freti ya 9, na so iko ya 8, freti moja tu nyuma. Umbo limesogea freti moja mbele. Hujakosea. Nyuzi za gita zinapishana kwa freti 5, isipokuwa uzi wa 3 na wa 2, ambazo zinapishana kwa freti 4. Aliyezoea kutyuni kwa kubana freti ya 5 anajua kwamba hapo tu hubana ya 4. Kwa hiyo kila umbo linalovuka kutoka uzi wa 3 kwenda wa 2 husogea freti moja. Ukilielewa hili leo, utajiepusha na miezi ya kushangaa.

Kurudi ni hivyo hivyo: pete inateleza kutoka mi kushuka kwenye re, shahada inapiga do, unashuka uzi.

Weka metronomu (kihesabu mapigo) kwenye 60, yaani mapigo 60 kwa dakika, noti moja kila pigo. Ukisikia mlio wa kukwaruza wakati wa kuteleza, legeza kidogo kidole ila usikiinue. Usiongeze kasi mpaka uende na kurudi mara tano bila kosa.

Hatua ya 5: Vyumba

Sasa yale maumbo matano yatakuwa mepesi, kwa kuwa njia uliyoijua inapita ndani yake. Kila chumba kina noti mbili kwa kila uzi. Naanza na kile maarufu, freti ya 5 hadi 8:

uzi wa 6: la 5, do 8
uzi wa 5: re 5, mi 7
uzi wa 4: so 5, la 7
uzi wa 3: do 5, re 7
uzi wa 2: mi 5, so 8
uzi wa 1: la 5, do 8

Usianzie kwenye noti ya chini kabisa, kwani hiyo ni la. Anza na kidole kidogo kwenye uzi wa 6, freti ya 8, upande hadi do ya uzi wa 1. Ni noti 11, oktava mbili kamili (do hadi do, mara mbili), na sikio lako linaanza na kumaliza nyumbani.

Vingine navitaja kwa freti tu, kutoka uzi wa 6 kwenda wa 1:

chumba cha 2: 8-10, 7-10, 7-10, 7-9, 8-10, 8-10
chumba cha 3: 10-12, 10-12, 10-12, 9-12, 10-13, 10-12
chumba cha 4: 12-15, 12-15, 12-14, 12-14, 13-15, 12-15
chumba cha 5: 3-5, 3-5, 2-5, 2-5, 3-5, 3-5

Majirani wanashiriki ukuta: noti za kulia za chumba cha 1 ndizo za kushoto za chumba cha 2, na hivyo hivyo mpaka mwisho. Chumba cha 4 kipo pia chini kabisa shingoni, ukitoa 12 kwenye kila nambari. 0 ni uzi ulio wazi. Jifunze kimoja kwa juma, na kila mara kwanza onyesha do zake.

Hatua ya 6: Pa kutua

Rekodi kwa simu C, F, G, C, pigo nne kila moja, kwa dakika tatu. Piga juu yake kwa kutumia njia ya hatua ya 4. C ikipigwa, tua kwenye do, mi au so. F ikija, tua kwenye la au do. G ikija, so au re. Katikati tembea utakavyo.

Mwanafunzi wangu mmoja, kijana wa miaka kumi na mitatu, aliniuliza wiki iliyopita, "Mwalimu, mbona yangu inalia kama ya msibani?" Alikuwa ametua kwenye la kila mara, kosa lile lile langu la hotelini. Nikamwambia asibadilishe chochote isipokuwa noti ya mwisho. Akatua kwenye do, akacheka.

Lakini la si adui. Rekodi Am peke yake, ufanye la kuwa nyumbani kwa noti hizohizo: umepata pentatoniki ya A ndogo, ile ya huzuni. Noti ni zilezile tano, nyumbani pamehama.

Hizi noti usizipange kwa kupanda na kushuka tu. Zipange tatutatu kwa mwendo wa chakacha, sita kwa nane: do re mi, re mi so, mi so la, so la do. Mkono wa piki utakasirika siku mbili za kwanza. Taarab lakini usiitafute humu. Nyimbo zake nyingi hutembea kwenye maqamu, yaani skeli za Kiarabu, ambazo hazikai ndani ya noti hizi tano, na huo ni mwaka mwingine wa masomo.

Hatua ya 7: Hamisha nyumba

Mwimbaji akisema G, tafuta do kwenye uzi wa 6, freti ya 3, ufuate kanuni ileile:

uzi wa 6: do 3, re 5, mi 7
uzi wa 5: so 5, la 7
uzi wa 4: do 5, re 7, mi 9
uzi wa 3: so 7, la 9
uzi wa 2: do 8, re 10, mi 12
uzi wa 1: so 10, la 12

Ile freti moja ya ziada sasa imeangukia kati ya so la ya uzi wa 3 na do ya uzi wa 2. Ukimaliza hapo, jaribu D peke yako. Do yake iko uzi wa 5, freti ya 5.