Jinsi ya kuomba ukaguzi wa boti ya injini iliyotumika kabla ya kuinunua

Ukaguzi wa kununua boti huagizwa na mnunuzi na kulipiwa na mnunuzi, na ripoti yake ni mali ya mnunuzi. Ripoti ya zamani aliyonayo muuzaji haichukui nafasi yake, hata ikiwa ya miezi michache tu, kwa sababu aliyeiandika anawajibika kwa yule aliyemlipa, na boti imeendelea kutumika tangu siku hiyo. Kinachofuata kinahusu boti za faiba zenye injini, ndizo zinazouzwa kwa wingi zaidi, ila utaratibu wa maombi ni uleule kwa boti ya mbao au ya alumini.

Hatua ya 1: Andikianeni kwanza

Usimwite mkaguzi kabla hamjatia saini makubaliano ya masharti. Yaseme kwamba mauzo yatakamilika iwapo tu mnunuzi ataridhika na ukaguzi na majaribio ya majini. Yaseme pia kwamba arbuni, ambayo mara nyingi ni asilimia 10 ya bei, inashikwa na mtu wa tatu na itarudishwa mnunuzi akikataa. Kisha ziwekwe tarehe mbili: ya mwisho ya kukagua na ya mwisho ya kutoa jibu. Tarehe hizi ndizo huwaponza wanunuzi. Kreni ina foleni, mkaguzi mzuri ana foleni, na maabara ya oili huchukua siku kadhaa. Siku saba hazitoshi; dai wiki tatu.

Ongeza ruhusa ya maandishi ya kuchukua sampuli za oili, pamoja na sharti kwamba muuzaji asibadilishe oili kabla ya siku ya ukaguzi. Oili mpya haisemi lolote kuhusu injini.

Kabla hujalipa senti kwa mtu yeyote, kagua karatasi mwenyewe. Namba ya utambulisho wa bodi huwa nyuma ya boti, upande wa kulia ukielekea omo (mbele ya boti), karibu na ukingo wa juu. Kwa boti za Marekani ina herufi na tarakimu 12, na za Ulaya huwa 14 kwa kuwa zinaanza na alama ya nchi. Ilinganishe na hati ya umiliki herufi kwa herufi, na namba za injini vilevile. Zisipolingana, simamisha kila kitu hadi muuzaji aeleze kwa hati, si kwa mdomo. Uliza pia kwenye daftari la usajili kama boti imewekwa rehani.

Hatua ya 2: Chagua mkaguzi

Dalali akikupa jina moja tu, tafuta mengine mawili mwenyewe. Vyama vya wakaguzi, kama SAMS na NAMS kwa Marekani au IIMS na YDSA kwa Uingereza, vina orodha za wanachama. Muulize mkaguzi ana bima ya kuwajibika kwa makosa ya kitaalamu, amekagua boti ngapi za aina hii na za injini hii, na akutumie mfano wa ripoti aliyowahi kuandika. Ripoti yenye kurasa nyingi za maneno “haikuweza kufikiwa” ni dalili mbaya. Halafu piga simu kwa kampuni ya bima yako: je, wataipokea ripoti yake? Kwa boti yenye umri mkubwa bima nyingi hazitoi hati bila ripoti, na ni hasara kulipia ukaguzi mara mbili.

Hatua ya 3: Andika ombi

Ombi likikamilika, mkaguzi hutoa bei mara moja, kwa kuwa wengi hutoza kwa urefu wa boti. Taja mtengenezaji, modeli, mwaka, urefu, namba ya bodi, aina ya injini na saa ilizofanya kazi, kama ni ya petroli au dizeli, mahali boti ilipo na mahali itakapopandishwa. Andika unachotaka kwa jina: ukaguzi kamili wa kununua, boti ikiwa nje ya maji, majaribio ya majini, na thamani ya soko kwa ajili ya bima. Ukiandika “ukaguzi” tu, unaweza kupata ule wa bima ambao ni mfupi na hauingii ndani.

Mweleze pia kwamba injini itakaguliwa na fundi wa aina hiyo ya injini. Mkaguzi wa boti huitazama injini kwa nje na wakati inafanya kazi. Hafungui kitu, na kwa kawaida haondoi paneli zilizokazwa kwa skrubu. Boti yenye injini kubwa au mbili ikikaguliwa bila fundi, sehemu yake ghali kuliko zote imeachwa.

Gharama ya kreni au chelezo hulipwa na mnunuzi. Weka nafasi mapema, na omba boti ioshwe kwa maji ya msukumo mara inapotoka majini.

Hatua ya 4: Siku yenyewe

Injini iwe baridi kabisa mnapofika. Iguse kwa mkono. Muuzaji aliyeiwasha asubuhi “kuipasha” amekunyima kipimo bora cha siku: namna inavyowaka ikiwa baridi, na moshi wake wa kwanza. Ikiwa ina joto, subirini ipoe au ahirisheni.

Majaribio ya majini yafanyike kabla ya kupandisha boti. Kwa kasi ya mwisho, kwa dakika chache, mizunguko ya injini ifikie kiwango alichoandika mtengenezaji. Ikipungua, ama bodi imejaa uchafu, ama propela ni kubwa mno, ama injini imechoka. Moshi mweusi huashiria mzigo kupita kiasi au upungufu wa hewa, wa buluu ni oili inayoungua, na mweupe usiokatika ni maji au mafuta yasiyoungua. Fundi atazame joto, kisha ngama, yaani sakafu ya ndani kabisa ya boti, kama imeongezeka maji. Sampuli za oili ya injini na ya gea zivutwe mkirudi, oili ikingali ya moto, kutoka katikati na si chini ulikotuama uchafu. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. Kwa injini ya petroli, kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) ya silinda zote isitofautiane kwa zaidi ya asilimia 10 hivi.

Boti ikiwa juu, mkaguzi huigonga bodi yote kwa nyundo ndogo. Mlio mkavu ni mzuri, na mlio uliofifia unaonyesha tabaka zimeachana au mbao za ndani zimelowa. Kipima unyevu kinahitaji busara: boti iliyotoka majini sasa hivi husoma juu, na rangi ya chini yenye shaba hukidanganya kabisa. Kwa hiyo vipimo vya chini hulinganishwa na vya juu ya mstari wa maji. Malengelenge yakitobolewa na kutoa majimaji yenye harufu ya siki, maji yameshapenya kwenye faiba. Machache huzibwa, yakienea bodi nzima, matibabu yake ni ya miezi kwa sababu ya kukausha.

Ukuta wa tezi, yaani wa nyuma ya boti, unaobeba injini ya kupachika hustahili muda zaidi ya sehemu yoyote. Ndani yake mara nyingi ni plaiwudi, na maji huingia kupitia matundu ya bolti. Injini ikiinuliwa nusu na mguu wake kubanwa kwa nguvu chini, ukuta usicheze hata kidogo. Nyufa kwenye kona ni onyo. Sitaha nayo huoza kuanzia chini ya vishikizo vya kamba na nguzo za reli.

Vali za chini ya maji zifunguliwe na kufungwa zote. Shaba ya njano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, ikigeuka rangi ya waridi imepoteza zinki na inaweza kukatika. Anodi, kipande cha metali kinachowekwa kiliwe na kutu badala ya metali nyingine, ikiisha zaidi ya nusu ibadilishwe, ila ikiisha haraka mno, tafuteni umeme unaovuja. Mifuko ya mpira kwenye mguu wa injini ya ndani ikunjuliwe mikunjo, maana ufa wake huzamisha boti gatini.

Hatua ya 5: Ripoti na jibu lako

Ripoti nzuri hupanga kasoro kwa uzito: zinazohusu usalama, zinazopaswa kurekebishwa karibuni, na za matunzo ya kawaida. Kundi la kwanza lipelekee karakana ikupe bei kwa maandishi, kisha ombeni punguzo kwa kiasi hicho. Punguzo ni bora kuliko ahadi ya muuzaji kutengeneza, kwa kuwa anayeuza hutafuta fundi wa bei ya chini.

Jibu lako liwe la maandishi na lifike kabla ya tarehe: unakubali, unakubali kwa bei mpya, au unakataa na kudai arbuni. Mikataba mingi huhesabu ukimya kuwa kukubali. Majibu ya maabara yakichelewa, omba tarehe isogezwe, na muuzaji atie saini kabla ile ya kwanza haijapita.