Kadi ya grafiksi ya mtumba: usinunue jina

Kadi yangu ya kwanza ya mtumba ilikuwa GTX 1060. Tangazo liliandikwa hivyo tu, "GTX 1060, iko poa", nami nikalipa nikaondoka nayo haraka kabla mwenyewe hajabadili mawazo. Usiku nilipofungua GPU-Z, programu inayosoma undani wa kadi, nikakuta memori ni GB 3. Nilijua kwamba 1060 ziko za GB 3 na za GB 6, ila niliamini tofauti yake ni memori basi. Kumbe ya GB 6 ina viini 1280, yaani vipande vya chipu vinavyofanya hesabu, na ya GB 3 ina 1152. Chipu yenyewe imepunguzwa, jina likaachwa lile lile. Muuzaji hakusema uongo hata neno moja. Mimi ndiye sikuuliza.

Tangu hapo nimemtafutia kadi mdogo wangu, kisha rafiki zake, kisha watu walioletwa na rafiki zake, na swali langu la kwanza halijabadilika: toleo gani hasa? Majina haya yamejaa mapacha wasiofanana. GT 1030 ipo yenye memori ya aina ya GDDR5 na ipo ya DDR4, na hiyo ya pili kasi ya memori yake ni kama theluthi tu ya ile ya kwanza. RX 580 halisi ina viini 2304, lakini ipo inayoitwa RX 580 2048SP, ambayo kwa viini ni sawa na RX 570. RTX 3050 ya mwaka 2022 ina GB 8 na viini 2560. Ya mwaka 2024 ina GB 6, viini 2304, na njia ya memori imebanwa kutoka biti 128 hadi 96. Kwa hiyo usikubali picha ya boksi wala ya feni zinazowaka taa. Omba picha ya lebo iliyobandikwa mgongoni mwa kadi, soma namba ya modeli herufi kwa herufi, kisha itafute kwenye tovuti ya kampuni iliyoitengeneza. Ni kazi ya dakika mbili.

Ila kabla hujaangalia tangazo lolote, chukua bisibisi ufungue kompyuta yako mwenyewe. Soma lebo ya pawa saplai: ina wati ngapi, na kwenye laini ya volti 12 inatoa ampea ngapi. Hesabu nyaya za kadi zinazotoka humo. Sloti ya madabodi hutoa wati 75, waya wa pini 6 huongeza 75, wa pini 8 huongeza 150. Sasa linganisha: GTX 1650 hutumia wati 75, na nyingi hazihitaji waya kabisa. GTX 1660 Super ni wati 125, RX 6600 ni 132, RX 580 ni 185. Nimeona mtu akifurahia RX 580 aliyoipata kwa bei ya chini, kisha akalazimika kununua pawa saplai mpya, na hesabu yote ikapita bei ya kadi bora zaidi aliyoiacha. Naomba pia usichomeke kebo ya kubadilisha plagi za diski kuwa pini 8 kwenye pawa saplai dhaifu. Plagi hizo hazikutengenezwa kubeba mzigo huo, na zikiyeyuka zinaweza kuondoka na vitu vingine.

Pima kwa rula nafasi kutoka nyuma ya kasha hadi mbele. Kama kompyuta yako ni zile nyembamba za ofisini, unahitaji kadi fupi yenye bamba dogo (low profile). GTX 1650, RX 6400 na RTX 3050 ya GB 6 zote zina matoleo ya namna hiyo. Lakini RX 6400, na vilevile RX 6500 XT, hutumia njia nne tu za PCIe, yaani laini zinazounganisha kadi na madabodi. Kwenye madabodi ya PCIe 4.0 hakuna shida kubwa. Kwenye ya 3.0, ambayo ndiyo utakayoikuta kwenye mashine nyingi za zamani, kasi ya njia hizo inapungua nusu, na kwa kuwa kadi hizi kwa kawaida zina memori ya GB 4 tu, gemu likijaza memori linaanza kukwama-kwama. Hili halimo kwenye matangazo, nami naliona limewaumiza wengi waliokuwa na mashine za zamani, yaani wale wale waliohitaji kadi ya bei nafuu.

Umri nao una uzito wake. Familia ya GTX 10 ilipata draiva yake (programu inayoiendesha kadi) ya mwisho ya gemu mpya Oktoba 2025. Kilichobaki ni marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. Na magemu yameanza kudai vitu ambavyo kadi hizo hazina: Indiana Jones and the Great Circle, lililotoka Desemba 2024, haliwaki kabisa bila kadi yenye uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga, na RX 6600 imo kwenye orodha yake ya mahitaji ya chini. Ndiyo maana nikiulizwa chaguo moja la kuchezea kwenye skrini ya 1080p nasema RX 6600: ni ya mwaka 2021, ina GB 8, haili umeme mwingi. Ikikushinda bei, RTX 2060 au GTX 1660 Super. Pawa saplai ikiwa dhaifu, GTX 1650. RX 580 ya GB 8 naikubali kwa mtu anayecheza magemu ya zamani au ya mashindano mepesi, basi.

Halafu kuna hofu ya kadi zilizochimba sarafu za kidijitali. Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, iliacha uchimbaji wa kadi tarehe 15 Septemba 2022, na kadi nyingi sana zikamwagika sokoni. Mimi siziogopi kama wengi wanavyoziogopa. Kadi iliyokaa kwenye joto lile lile mchana na usiku mara nyingi chipu yake iko salama. Kinachochoka ni feni na vipande laini vinavyopitisha joto kati ya memori na kipozeo. Hivyo hubadilishwa. Uliza tu kama BIOS, programu ndogo iliyo ndani ya kadi yenyewe, ilibadilishwa, kwa sababu wachimbaji wa familia ya RX 500 walikuwa wakifanya hivyo sana, na BIOS ya namna hiyo hufanya gemu lianguke bila sababu ya wazi. Ninachokiogopa kweli ni kadi iliyookwa kwenye oveni ili ifufuke. Itawaka leo, itakufa baada ya wiki chache. Angalia kuzunguka chipu kama kuna mabaki ya ulimbo wa kulehemu, bodi iliyobadilika rangi, au lebo iliyojikunja kingo kwa moto.

Siku ya kwenda kuiona, beba flashi yenye GPU-Z na FurMark (programu inayoichosha kadi kwa kuchora pete ya manyoya), na kebo yako mwenyewe ya skrini. Kadi ikiwa bado haijachomekwa, zungusha kila feni kwa kidole: izunguke kimya, isiyumbe. Nusa karibu na plagi ya umeme. Geuza uone kama kuna vipande vidogo vilivyong'oka nyuma ya bodi. Kadi inayoitwa GTX 1050 Ti ikiwa na tundu la VGA, simama hapo hapo; chipu za kizazi kile hazitoi VGA zenyewe, na nyingi za feki ni chipu za zamani sana, kama GTS 450, zilizoandikiwa BIOS ya uongo. GPU-Z itaandika FAKE mbele ya jina ikizitambua. Humo humo soma viini, aina ya memori na upana wa njia yake, ulinganishe na ulichokisoma nyumbani.

Kisha FurMark, na usiizime kabla ya dakika ishirini. Niliwahi kukaa mbele ya RX 580 ya rafiki wa mdogo wangu, pete ya manyoya ikizunguka skrini nzima, joto limetulia kwenye nyuzi 74, muuzaji ameshaanza kukunja boksi. Dakika ya tisa kikatokea kitone kimoja cha kijani, juu kushoto. Nikadhani ni macho. Dakika iliyofuata vikawa vitano, sita, kama mtama uliomwagika. Muuzaji akasema, "Kaka, hiyo ni kebo." Nikapiga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, nikaihamishia kwenye simu, nikaifungua. Vitone vilikuwemo ndani ya picha. Kebo mbovu au skrini mbovu haiwezi kuingiza kitone kwenye picha iliyohifadhiwa; kinachoonekana humo kimetoka kwenye kadi. Tukaaga vizuri, tukaondoka mikono mitupu, na kijana alinuna njia nzima. Wiki mbili baadaye alipata nyingine ya toleo lile lile, akanishukuru.

Wakati pete inazunguka, tazama pia joto. Kadi ikitoa kipimo cha Hot Spot, yaani sehemu ya chipu yenye joto kuliko zote, tofauti yake na joto la kawaida ikizidi nyuzi 25 hivi, mara nyingi gundi inayopitisha joto kati ya chipu na kipozeo imekauka; hilo ni la kushushia bei, si la kukimbia. FurMark ikiisha cheza gemu halisi kwa robo saa, maana pete ile haijazi memori. Zima, washa tena. Chomeka skrini kwenye kila tundu, moja moja.

Ukinunua kwa mbali, dai video moja isiyokatwa: karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo, lebo ya kadi na namba yake, halafu GPU-Z, halafu FurMark ikizunguka. Mwenye kadi nzima hukasirika kidogo tu, halafu anarekodi. Anayekataa mwache, hata kama bei inakuvuta.

Ukifika nayo nyumbani, ondoa draiva za zamani kwa DDU, programu ya kuzifuta kabisa, ndipo uweke mpya. Puliza vumbi huku umeshika feni zisizunguke. Na kama ulipewa siku chache za kurudisha, zitumie zote kucheza gemu lako zito kuliko yote, usiku hadi usiku, na ile picha ya lebo uliyoiomba siku ya kwanza iwe bado kwenye simu.