Uchungu ukirudi, mwombee kodi ya nyumba

Kuna mtu alinidhulumu hela ya mzigo Kariakoo, na kila nikikwama kwenye foleni ya Mbagala kesi inaanza upya kichwani. Siku hizi ikianza tu, namtaja kwa jina na kumwombea kitu kimoja ninachokihitaji hata mimi: kodi ya miezi sita, basi. Ni Mathayo 5:44 hiyo, ile ya kuwaombea wanaokuudhi. “Mungu ambariki” ya juujuu haifanyi kitu. Ukitaja kodi unakumbuka kwamba naye anagongewa mlango na mwenye nyumba. Mwanzoni niliomba meno nimeyauma, na bado ilisaidia. Inagoma ombi likigeuka mashtaka: “Bwana, mwonyeshe alivyokosea.” Na kama bado anakuumiza, kaa naye mbali kwanza. Deni langu, lakini, naendelea kulidai.